Nyusi ya Shahidi wa Tatu

Mpiga picha huyu aliitwa Nadhifu, na jina hilo hakupewa na mama yake. Mama alimpa jina jingine la heshima tu, lakini mtaani hakuna aliyelikumbuka, na hata mkewe akimkasirikia alimwita Nadhifu kwa sauti ya mtu anayetema mbegu. Alikuwa mtu wa kupiga pasi soksi. Kalamu zake zilipangwa mfukoni kwa urefu. Akikaribishwa kwa watu alikipangusa kiti kwa leso kabla ya kukaa, mwenye nyumba akimtazama, kisha akashangaa kwa nini haalikwi mara ya pili.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule. Mapazia yalikuwa matatu: jeupe la pasipoti, la bluu la vitambulisho vya kazi, na jekundu la wachumba. Ukutani palikuwa na msumari, na kwenye msumari koti jeusi lililoshonewa kipande cha mbele cha shati na tai iliyokwisha kufungwa, kwa ajili ya wateja waliokuja na fulana. Nusu ya wanaume wa mji ule walikuwa na koti hilo hilo kwenye vitambulisho vyao, wanene na wembamba, huku mgongoni limebanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo. "Nyanyua kidevu," alikuwa akiwaambia. "Shusha kidogo. Usikodoe macho hivyo, hujafumaniwa." Kazi aliijua. Kwenye kompyuta aliondoa chunusi, makovu na usingizi, na aliwahi kumpunguzia mzee mmoja miaka mingi kiasi kwamba ofisi ya vitambulisho ilimrudisha nyumbani akamlete mwenye jina.

Mtu wa namna hii lazima ajipende, na Nadhifu alijipenda bila kificho. Alichokipenda kuliko vyote ni nyusi zake. Zilikuwa nyeusi, nene, zimepinda vizuri, na kila Jumamosi saa nne asubuhi alikwenda kwa kinyozi kunyoa ndevu na kuchongwa kingo za nyusi. Ndiyo, mwanamume mzima mwenye mke na watoto wawili. Alisema uso ndio kibao cha duka lake, na mpiga picha mwenye sura ya kuchakaa ni sawa na fundi cherehani mwenye suruali iliyochanika.

Kinyozi wake aliitwa Taratibu, na huyo ndiye aliyeua mtu.

Nisikimbilie huko. Taratibu alikuwa na umri wa miaka hamsini kasoro, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kwa kuinamia vichwa vya watu miaka ishirini na mbili. Kibanda chake kilikuwa na viti viwili vya chuma vya kuzunguka, kioo kirefu chenye ufa pembeni, redio, na harufu ya spiriti na poda. Ukutani, kwa rangi nyekundu, aliandika mwenyewe: MTEJA HAACHWI NUSU. Haikuwa mapambo. Siku ile duka la jirani liliposhika moto, watu wakitoka mbio na magodoro kichwani, Taratibu alimalizia kisogo cha mteja wake moshi ukiingia dirishani, akampiga brashi shingoni, akamwambia "karibu tena," ndipo akashika ndoo. Mteja mwenyewe alikwisha kusali mara mbili. Tangu hapo watu walimchukulia Taratibu kuwa ama mtakatifu ama punguani, na wote wakaendelea kunyoa kwake.

Kiti cha pili kilikuwa cha Kasuku. Taratibu ndiye aliyemfundisha kazi akiwa kijana asiyejua kushika mkasi. Kasuku alikuwa na mkono mzuri na mdomo usiojua kufungwa. Aliwatania wateja, wapita njia, viongozi wa dini na mama yake mzazi. Kila aliyeketi pale alitoka na kicheko au na jeraha, mara nyingine vyote viwili. Watu walimpenda, na sitasema walimpenda kwa unafiki, kwa sababu kuna asubuhi nyingi za watu zilizookolewa na upuuzi wa Kasuku. Lakini wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, na wahenga, pamoja na kuchosha kwao, hawakosei kila siku.

Taratibu alifiwa na mtoto. Mmoja tu aliyekuwa naye, wa kike, miaka mitatu, homa ya siku nne. Alifunga kibanda siku tatu, ya nne akafungua, na hakuna aliyemsikia akilitaja jambo hilo. Miezi miwili baadaye, Jumamosi, saa nne na nusu, Nadhifu alikuwa kitini na povu mpaka machoni. Redioni wakaweka kipindi cha watoto. Taratibu akajifuta jicho kwa mkono wa shati, mara moja, akaendelea kunyoa. Kasuku alikuwa kwenye kiti chake, hana mteja, amejizungusha anasoma gazeti la juzi. Akasema neno.

Hilo neno tutalisikia mahakamani, maana huko ndiko lilikouzwa kwa bei yake halisi. Kwa sasa jueni kwamba Taratibu hakujibu. Alinyoa shavu lililobaki, kidevu, chini ya taya, akachonga nyusi, akapaka spiriti, akapaka poda, akakung'uta kitambaa. "Karibu tena," akasema. Kisha akakiendea kiti cha Kasuku, akachomoa chuma cha kuegemezea kichwa, kile kinachopanda na kushuka, na akampiga nacho pigo moja. Kasuku alianguka na gazeti lake. Hakuamka tena.

Sasa tumtazame Nadhifu, maana yeye ndiye shahidi. Polisi walipomhoji alikuwa amejifunga leso kichwani mpaka kwenye jicho la kushoto, wakadhani kajeruhiwa. "Kichwa kinaniuma," alisema. Wakamuuliza: baada ya yale maneno, ilipita muda gani? Mtu mwingine angesema "muda kidogo hivi." Nadhifu alikuwa na saa mkononi na bwana harusi aliyemtarajia studio saa tano, kwa hiyo alikuwa ameitazama saa hiyo mara kadhaa. Akasema, kwa fahari ya mtu anayepima mwanga kila siku: "Dakika nne na nusu." Polisi akaandika. Wakamuuliza: alikunyoaje katika hizo dakika? "Vizuri. Hakunikwaruza hata kidogo." Polisi akaandika na hilo, akalipigia mstari.

Ilichukua miezi kumi na moja kesi kufika kwa jaji. Na hapo ndipo Nadhifu alipogundua kwamba ile mistari miwili aliyoitoa kwa ajili ya kuonekana mtu makini ndiyo kamba yenyewe.

Jambo lenyewe halikuwa gumu, ingawa wanasheria walilivisha majoho. Kwamba Taratibu ameua, hakuna aliyebisha. Swali lilikuwa aliua vipi. Kama aliua kwa makusudi, hukumu ilikuwa moja tu nayo ni kitanzi. Kama alighadhibishwa ghafla kiasi cha kumpotezea mtu wa kawaida uwezo wa kujizuia, na akapiga kabla damu haijapoa, basi ameua bila kukusudia, atafungwa miaka na siku moja atatoka. Mauti yale yale, chuma kile kile. Tofauti yote ilikaa katika zile dakika nne na nusu.

Mwendesha mashtaka alikuwa mtu mrefu mwenye kola iliyonyooka, Nadhifu akaipenda ile kola papo hapo. "Mheshimiwa Jaji," alisema, "ghadhabu haina subira. Mwenye ghadhabu anavunja, anapiga kelele, anatetemeka. Mshtakiwa huyu alinyoa. Alipaka poda. Alimkaribisha mteja tena. Tujiulize, hiyo ni ghadhabu gani yenye adabu hivyo?" Watu wakanong'ona. Ilikuwa hoja nzuri, hata mimi ningenong'ona.

Na mashahidi walimsaidia kwa roho safi. Wa kwanza alikuwa fundi redio wa kibanda cha pili, rafiki mkubwa wa Taratibu, aliyekuja amevaa suti ya kuazima na nia njema tele. Wakili wa utetezi, mama mmoja mnene aliyepewa kesi hiyo na serikali na aliyekuwa amevua viatu chini ya meza kwa sababu ya miguu kuvimba, alimuuliza: "Unamfahamu mshtakiwa kuwa mtu wa namna gani?"

"Mpole!" akasema fundi redio. "Mama wakili, huyu hakasiriki. Mtukane, mpige kofi, hakasiriki. Damu yake baridi kabisa. Mimi miaka kumi na tano sijamwona amekasirika hata dakika moja."

Wakili alifumba macho. Fundi redio akashuka anatabasamu, akampungia rafiki yake kizimbani kwamba mambo safi. Ndugu zangu, kama mnataka kunyongwa upesi, waiteni marafiki wawasifie. Shahidi wa pili, askari aliyefika kwanza, akasema alimkuta Taratibu ameketi, anasubiri, mikono juu ya magoti.

Wa tatu alikuwa Nadhifu. Alikula kiapo vizuri, akanyoosha tai, akasema yake: dakika nne na nusu, mkono haukutetemeka, hakunikwaruza. Kuhusu lile neno alisema tu "marehemu alitoa utani fulani," na mwendesha mashtaka, aliyekwisha kupata alichokitaka, hakumsumbua zaidi. Jaji akatazama saa, akasema upande wa utetezi utamhoji shahidi baada ya mapumziko.

Ukweli ni huu. Taratibu hakumkwaruza Nadhifu. Alimnyoa nyusi ya kushoto yote, kuanzia puani mpaka karibu na sikio, safi, laini kama kigae, bila tone la damu. Alipofika kuchonga kingo hakusimama kwenye kingo. Nadhifu aliliona jambo hilo kwenye kioo kitambaa kilipokwisha kukung'utwa, akafungua mdomo apige yowe, na kabla yowe halijatoka chuma kilikuwa hewani. Baada ya hapo nani angeuliza habari ya nyusi? Akajifunga leso. Wiki saba alichorwa nyusi na mkewe kila asubuhi kwa wanja, na siku mbili za mvua hakutoka ndani. Hakumwambia mtu. Aliona aibu, ndiyo, lakini pia alijiambia kwamba nyusi na mauaji ni mambo mawili. Funika kombe mwanaharamu apite.

Wakati wa mapumziko hayo mkewe alimkuta ukumbini kwenye benchi, anapangusa viatu.

"Umesema hakukukwaruza."

"Hakunikwaruza."

"Nadhifu."

"Ni kweli! Kuna mkwaruzo? Uko wapi mkwaruzo?"

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea na alijua kuzungumza na watu wa akili hiyo. Akakaa karibu naye, akashusha sauti. "Nimekaa nyuma ya yule wakili. Amemwambia msaidizi wake, 'Ile shevu ndiyo imenimaliza. Mtu aliyechanganyikiwa hawezi kunyoa vile.' Sikiliza mume wangu. Wanasema alikuwa na akili zake timamu kwa sababu alikunyoa vizuri. Wewe ulinyolewa vizuri?"

Nadhifu akatazama viatu.

"Mimi nilikuchora wiki saba. Mpaka wanja wangu ukaisha. Yule mtu alikuwa hajui hata mkono wake uko wapi, na wewe unajua, mimi najua, na huyo jaji hajui. Atanyongwa kwa ajili ya uso wako?"

"Watanicheka."

"Watakucheka. Sasa?"

"Na nani ataniamini? Nyusi imeota. Watasema namwokoa kinyozi wangu."

Hapo mkewe akafungua mkoba, akatoa bahasha ndogo. Ndani yake mlikuwa na picha nne za pasipoti, pazia jeupe, tarehe pembeni. Nadhifu amelala kwenye kiti cha studio siku ya pili ya tukio, mdomo wazi, nyusi moja. Mkewe alizipiga kwa kamera ya Nadhifu mwenyewe, akazichapa kwa mashine yake mwenyewe na kuzikata kwa kisu chake mwenyewe.

"Ulisema umezifuta!"

"Nilifuta kwenye kompyuta," akasema mkewe. "Hizi nilikuwa nazitazama nikiwa na huzuni."

Akamtia bahasha mfukoni, akampiga piga kifuani kama anavyowafanyia watoto wa chekechea kabla ya kupanda jukwaani, akaenda zake.

Nadhifu alirudi kwenye kizimba cha mashahidi. Feni ilikuwa inalia juu ya kichwa cha jaji. Wakili wa utetezi alisimama bila viatu, amechoka, na mtu aliona kabisa kwamba hana swali. "Shahidi," akasema, "una hakika mshtakiwa alikunyoa kama kawaida yake?"

Nadhifu akagusa bahasha mfukoni. Akapiga moyo konde.

"Hapana," akasema. "Alininyoa nyusi."

"Alifanya nini?"

"Nyusi. Hii ya kushoto. Yote."

Mtu nyuma akacheka, na baada ya hapo haikuzuilika. Mwendesha mashtaka akaruka kwamba shahidi anatunga. Nadhifu akatoa bahasha. Karani akaipeleka picha kwa jaji. Jaji alishusha miwani puani, akaitazama, akamtazama Nadhifu, akairudia picha, kisha akaweka mkono mdomoni na kuonekana anafikiri sana kwa mabega yanayotikisika. Mwendesha mashtaka akapewa yake. Hata ile kola iliyonyooka ikapinda. Picha ikaandikwa kielelezo cha tano, na ninavyojua mimi iko kwenye jalada mpaka leo, na makarani wageni huonyeshwa siku ya kwanza kazini.

Wanawake wawili hawakucheka. Mmoja alikuwa mama yake Kasuku, mwingine mke wa Taratibu, kila mmoja mwisho wake wa benchi.

Na kizimbani pakatokea jambo. Taratibu, ambaye siku mbili nzima aliketi kama mzigo uliosahauliwa stesheni, alisimama.

"Nyusi?" akauliza.

"Mshtakiwa, keti," akasema jaji.

"Mheshimiwa, mimi? Nilimnyoa nyusi?" Akamgeukia Nadhifu. "Kaka, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Mbona hukuniambia?"

Swali la kipumbavu kweli kweli, na hakuna aliyelicheka. Taratibu alishika ubao wa kizimba kwa mikono miwili na ubao ukaanza kugonga gonga, kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka mpaka mabegani. "Sijawahi kumharibu mteja," akasema. "Miaka ishirini na mbili. Sikumbuki hiyo nyusi. Namkumbuka amekaa, kisha namkumbuka Kasuku yuko chini. Katikati hapo sikumbuki kitu. Mimi nilijua nilimalizia vizuri." Akalia kwa sauti, mtu mzima, kamasi na yote, na fundi redio na suti yake ya kuazima akatazama kama aliyeona paka akizungumza.

Wakili alingoja. Uchovu wote ulikuwa umemtoka. Akamwambia Nadhifu kwa upole, "Sasa turudi nyuma kidogo. Marehemu alisema nini? Maneno yenyewe."

Hapa Nadhifu alitamani arudishiwe aibu ya nyusi, akae nayo siku nzima. Akatazama chini.

"Alisema, 'We Taratibu, acha kumlilia mtoto wa watu. Baba yake mwenyewe wala hana habari.'"

Mke wa Taratibu hakusogea. Niseme wazi hapa, kwa sababu mahakama haikujisumbua: ulikuwa uongo mtupu. Mtoto yule alikuwa na masikio ya Taratibu, kidevu cha Taratibu, na hata kutembea kwake kwa kuinama. Kasuku alilitunga papo hapo, kama alivyotunga mengine elfu, na nadhani kama angeishi mpaka jioni ile angeomba radhi na chai juu.

"Mshtakiwa alijibu nini?" wakili akauliza.

"Hakujibu."

"Kulikuwa na sauti yoyote?"

Nadhifu angeweza kusema redio. Redio ilikuwa inaimba, asingekuwa muongo. Akafungua mdomo aseme redio.

"Kicheko," akasema.

"Cha marehemu?"

"Hapana."

"Mle ndani mlikuwa wangapi?"

"Watatu." Akajipangusa mdomo kwa leso. "Mimi ndiye niliyecheka."

Wakili akakaa. Jaji aliandika kwa muda mrefu, na safari hii mabega yake yalitulia.

Hukumu ilitoka baada ya wiki tatu. Jaji alisoma kurasa kumi na nne ambazo zingetosha sita, lakini penye neno alilisema sawasawa: kwamba mahakama iliombwa iziangalie zile dakika nne na nusu kama muda wa mtu kupoa, ikaona zilikuwa muda wa mkono kufanya kazi kwa mazoea wakati mwenye mkono ameshaondoka, na kwamba mtu wa kawaida, aliyezika mwanawe juzi, akiambiwa neno lile na kuchekwa, huenda naye angeondoka. Kuua bila kukusudia. Miaka kumi na miwili. Kisha akaongeza kwamba utani si kosa la kumfanya mtu astahili kufa, na kwamba mama yake marehemu yumo humu ndani na asidhani amesahauliwa. Mama yake Kasuku akatikisa kichwa, mtu hakujua anakubali au anakataa. Akatoka peke yake na mkoba wake.

Nje kulikuwa na furaha, ya aina ile isiyojua iseme nini. Fundi redio alikuwa akiwaambia watu kwamba ushahidi wake ndio uliosaidia. Mke wa Nadhifu alikuwa amemshika mkono mumewe na kumwita jina lake halisi, kwa mara ya kwanza tangu harusi. Watu wawili watatu walikuja kumpongeza. Nadhifu alijinyoosha kidogo. Binadamu ni binadamu, mpe sifa kidogo tu atatafuta kioo.

Ndipo mke wa Taratibu akaja, akasimama mbele yake. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na macho yake yalikuwa makavu.

"Shemeji," Nadhifu akaanza, "mimi kwa kweli..."

"Umemwokoa mume wangu. Asante," akasema. Alilisema kama mtu anayelipa nauli, amalize, apande. "Nataka kukuuliza kitu kimoja."

"Uliza, shemeji."

"Ulicheka nini?"

Nadhifu akamtazama mkewe. Mkewe akauachia mkono wake.

"Ni mazoea tu, shemeji. Kasuku akisema, watu..."

"Sijauliza watu. Mwanangu alikuwa amekaa ardhini miezi miwili. Lile neno uliona lina nini cha kuchekesha? Niambie tu, na mimi nilijue."

Maneno ya kumpoza yalikuwapo, na Nadhifu aliyajua yote. Miaka kumi na minane alikuwa akiwaambia watu wenye sura mbaya kwamba wametoka vizuri. Alitafuta moja la kumpa na kila alilolishika likamponyoka. Mwisho akasema lile lililobaki.

"Halikuchekesha. Nilijua ni baya, nililijua pale pale. Lakini Kasuku alikuwa akitafuta mtu, na ukinyamaza anakugeukia wewe. Nilicheka ili asinigeukie."

Mke wa Taratibu alilipima jibu hilo. Alionekana ameliamini, na kwamba kuliamini hakukumsaidia kitu.

"Ungemwacha tu akugeukie," akasema.

Akavuta kitambaa chake kichwani, akateremka ngazi za mahakama kuelekea gari la wafungwa, kabla halijaondoka.